Mvueni Ibilisi Pembe, Mpeni Hoja

Hotuba kwa vijana wanaoandika maigizo ya kanisani, Kisumu

Bwana asifiwe! Na tena, Bwana asifiwe!

Mchungaji mwenyeji wetu, mama mchungaji, wazee wa kanisa, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioiacha Kibuye siku yenyewe ya soko mkaja kumsikiliza mama mzima akizungumza habari za Shetani: itifaki imezingatiwa. Nimeombwa niseme machache juu ya kejeli, yaani hadithi na michezo inayoyacheka majaribu ya Mkristo. Mwenyekiti amenisihi pia nisimtaje mtu. Basi nitawataja waliomo katika Biblia na waliomo vitabuni. Wengine watajitaja wenyewe kwa namna watakavyokohoa.

Nimekaa kwenye meza ya waamuzi wa michezo ya makanisa, huku Mumias, huku Ahero, na Ibilisi wetu namjua kwa mavazi. Ana joho jekundu, pembe za katoni, na kicheko kirefu kinachofanya kipaza sauti kipige yowe. Anayejaribiwa naye namjua. Ni kijana mwenye chupa, ameshikana mikono na msichana wa sketi fupi. Punde pikipiki inaanguka. Punde tena mchungaji anaingia wodini na Biblia kwapani. Kijana anaokoka, kwaya inaimba, sisi tunapiga makofi na kutoa alama.

Sasa nawauliza: katika ukumbi ule, ni nani aliyeguswa? Mzee wa kanisa havai sketi. Mweka hazina hanywi. Kiongozi wa akina mama hapandi boda boda usiku wa manane. Wote wamecheka, wote wamemhurumia yule kijana, na wote wamerudi nyumbani salama salimini. Njiani wamesali, pasipo kujua, ile sala ya Farisayo katika Luka 18: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Mchezo uliandikwa kumkemea Ibilisi ukaishia kumfanyia kibarua.

Nililokuja kulisema ni hilo tu, na mengine yote ni kulizunguka. Kejeli ya majaribu huanza pale anayecheka anapohisi kicheko kimemgeukia. Na hakitamgeukia kamwe ikiwa Ibilisi wenu ni mjinga wa kuchekwa kwa pembe zake.

Isomeni Biblia kama waandishi. Katika Mwanzo 3 nyoka haungurumi. Anauliza swali: "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu?" Hiyo ni sauti ya mjumbe wa kamati anayesimama na kusema, mwenyekiti, mimi nauliza tu. Katika Ayubu, Shetani anahudhuria kikao. Amekuja pamoja na wana wa Mungu, anaulizwa ametoka wapi, anajibu kwa adabu kwamba alikuwa akizunguka-zunguka duniani. Na katika Luka 4, juu ya kinara cha hekalu, ananukuu Zaburi ya 91. Linganisheni mistari hiyo mkifika nyumbani. Mtaona ameyaruka yale maneno "katika njia zako zote", na amenyamaza kabla ya kufika mstari wa 13, ule unaosema nyoka atakanyagwa. Mhusika ndiye huyo! Anayajua maandiko, na anajua pa kuyakatia.

Huku kwetu ana uzoefu wa ziada. Wamisheni wa Kiquaker walifika Kaimosi 1902. Wamisheni wa Kianglikana wakaanzisha Maseno 1906. Hesabuni wenyewe amekaa kanisani miaka mingapi. Nyimbo zote anazijua, hata beti ya nne ambayo sisi huiruka.

Kule Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, C. S. Lewis alifikiria jambo hili hili. Mwaka 1941 alichapisha barua 31 katika gazeti moja la kila wiki la Kianglikana, barua za shetani mzee anayemfunza kazi shetani mdogo, na mwaka uliofuata zikawa kitabu, *The Screwtape Letters*. Sitawasimulia kilichomo, kitafuteni. Nawapa mambo mawili yaliyotokea nje ya kitabu, ambayo Lewis mwenyewe aliyaeleza baadaye. La kwanza ni kasisi mmoja wa mashambani aliyeacha kulinunua gazeti lile kwa sababu, alivyoona, mashauri mengi katika barua hizo yalikuwa ya kishetani. Msicheke sana. Kasisi huyo ana ndugu zake katika kila usharika, na mtakapoigiza mchezo wenu atakuwa ameketi safu ya pili. La pili ni kwamba Lewis alisema hakuwahi kuandika kitu kwa urahisi kama ule, wala kitu kilichompa furaha kidogo kama kile. Ulikuwa rahisi kwa sababu hoja za mjaribu hatuendi kuziazima mbali. Furaha ikakosekana kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiona unaandika maneno ya Ibilisi huku unajifurahia, ukisema lo, huyu mzee wetu wa kanisa leo nimempata, weka kalamu chini. Umemwandika jirani, na hilo ni umbea tu hata ukilipa vina.

Karibu zaidi na nyumbani yuko Wole Soyinka wa Nigeria. Mchezo wake kuhusu Ndugu Jero uliigizwa mara ya kwanza Ibadan mwaka 1960, na kwa Kiswahili upo kama *Masaibu ya Ndugu Jero*. Jero ni nabii wa ufukweni Lagos. Waumini wake anawaona kama wateja, na halifichi hilo kwa watazamaji. Msaidizi wake, Chume, ana mke mwenye ulimi mkali, na kila siku anaomba ruhusa ya nabii ampige. Jero anakataa. Ukimsikia utasema, angalau hapo ana utu. Ngoja. Anakataa kwa sababu Chume akishampiga mkewe atatosheka, na mtu aliyetosheka harudi kwa nabii. Kisha siku moja Jero anagundua kwamba mke huyo ndiye yule mwanamke anayemdai pesa. Papo hapo Roho anabadilisha msimamo, na Chume anapewa ruhusa.

Hebu tukae hapo kidogo, maana mkitoka hapa na kitu kimoja nataka kiwe hicho. Soyinka angeweza kutuonyesha nabii anayeiba sadaka. Tungemzomea na kulala usingizi. Badala yake ametuonyesha nabii anayetoa shauri jema kwa sababu mbovu. Shauri lenyewe, usimpige mkeo, ni sahihi kabisa, na mtu mwema angelitoa vilevile. Sasa mtazamaji anaanza kuhangaika. Anajiuliza, na mimi yale mema ninayoyafanya, nayafanyia nini? Ninapowaombea wagonjwa kwa sauti kubwa, nani ananisikia? Akifika hapo, mwandishi anaweza kwenda kunywa chai.

Na hapa Magharibi tulikuwa na Francis Imbuga, mzaliwa wa Maragoli. Katika mchezo wake *Betrayal in the City*, uliotoka 1976, serikali nzima imeoza, lakini damu ya Kabito, mjumbe wa kamati ya serikali hiyo, inamwagika kwa ajili ya zabuni ya kupeleka maziwa chuo kikuu. Maziwa, jamani! Imbuga angeweza kuchagua dhahabu. Alijua ukubwa wa dhambi haupimwi kwa ukubwa wa chambo, na kwamba hapa kwetu mtu anaweza kuukosa mbingu kwa sababu ya galoni.

Basi tufanye kazi. Nitawachorea mhusika mmoja, mbele yenu, muone inavyokwenda. Ni wa kubuni. Wenye mabenchi ya mbele, narudia, ni wa kubuni.

Ni mweka hazina wa kanisa dogo, tuseme barabara ya kwenda Bondo. Mtu mwaminifu. Hilo ni lazima, kwa sababu mwizi hajaribiwi, mwizi anakwenda kazini. Kanisa linachanga pesa za mabati. Akaunti ya benki inahitaji sahihi tatu, na mmoja wa watia sahihi amehamia Nairobi. Hivyo kamati inakubaliana pesa zikae kwa muda kwenye simu ya mweka hazina. Imeandikwa kwenye kumbukumbu, imependekezwa, imeungwa mkono. Ibilisi hajasema neno bado. Ametulia nyuma, anaandika kumbukumbu.

Januari inafika. Binti yake ameitwa shule, karo haitoshi. Sasa sauti inaanza, na mkiiandika muiandike kwa upole, kama sauti ya shemeji:

"Hakuna anayesema uibe. Nani ametaja kuiba? Nasema uazime. Mabati yatanunuliwa Machi, leo ni Januari. Pesa kulala bure kwenye simu ni uwakili gani? Yule mtumwa aliyefukia talanta ardhini, bwana wake alimsifu?"

Umeona? Mathayo 25, na ameieleza vizuri kuliko wahubiri wengi.

Mweka hazina anaazima. Binti anaingia shule. Jumapili inayofuata wakati wa shuhuda anasimama, machozi ya kweli machoni, anasema Mungu ameniona, karo imepatikana kwa njia ya ajabu. Kanisa zima linajibu Amina. Hapo mwandishi mvivu atafunga pazia. Msilifunge. Mfuateni mpaka kwenye kapu la sadaka, maana mtu huyu ni Mkristo mzuri, na Mkristo mzuri akipokea baraka hutoa fungu la kumi. Anachukua pesa za mabati, anatoa sehemu ya kumi ya zile alizochukua, anaiweka kapuni kwa moyo mweupe. Kisha yeye huyo huyo, kwa kuwa ni mweka hazina, anaihesabu na kuiandikia risiti.

Mvua za masika zinaanza. Paa linavuja. Anaombwa aongoze maombi ya kuituliza mvua. Anaongoza vizuri sana.

Nikiwa mwamuzi, hapo ningetoa alama zote kabla hata hajakamatwa. Na tafadhali, msimkamate haraka. Katika michezo yetu polisi hufika upesi kuliko Nairobi, na wakifika mtazamaji anapumua: kumbe hii ilikuwa habari ya mwizi. Mwacheni atubu mwenyewe. Halafu mmwandikie jaribu la pili, kali kuliko la kwanza.

Mnajua uamsho ule wa miaka ya 1930, uliotoka Rwanda na Uganda ukafika huku, ukatuachia wimbo wa "Tukutendereza" na desturi ya kuungama mbele ya watu. Ni urithi mzuri, sikubali udharauliwe. Lakini nimewasikiliza watu wakishuhudia mwaka hadi mwaka, na nimegundua dhambi za zamani hukua. Aliyekunywa chupa, mwaka unaofuata alikunywa kreti. Aliyekuwa na ugomvi na jirani sasa aliongoza genge. Mweka hazina wetu akitubu kwa machozi na kanisa likamsamehe, mjaribu atarudi na pongezi: "Ndugu, hakuna aliyewahi kutubu hapa kama ulivyotubu wewe. Wamekualika Siaya uwashuhudie. Pesa zenyewe zilikuwa elfu arobaini, lakini elfu arobaini haimgusi mtu. Sema laki nne. Ni kwa utukufu wa Mungu."

Ngũgĩ wa Thiong'o aliliona jambo hili kwa jicho lake. Katika *Shetani Msalabani*, aliyoanza kuiandika kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, wezi na wanyang'anyi wanashindana, na kila mmoja anapanda jukwaani kutoa ushuhuda wa wizi wake. Hata ule mfano wa talanta ameugeuza ukawa wa mabepari. Ngũgĩ hakuwa anatetea kanisa, na yapo mengi ambayo mchungaji wetu hapa angebishana naye. Lakini alijua mtindo wa ibada yetu ni jukwaa lililokwisha kujengwa. Nyinyi mko ndani ya jengo na mnakwenda kutafuta jukwaa kwingine.

Kuhusu wanasiasa nitapita haraka, kwa kuwa kila mtu anawaandika. Mnakumbuka Septemba 2021 pale Butere, siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa dayosisi katika Kanisa la Kianglikana la Kenya. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataa wanasiasa wasihutubu kanisani. Hatua safi. Sasa mwandishi wa kejeli hamwandiki mwanasiasa aliyenyimwa kipaza sauti, huyo ana magazeti. Andikeni kanisa la kubuni lililolisikia agizo hilo na kulitii kikamilifu. Kamati imekaa kwa muda wa saa nne na kanda ya kupimia, ikitafuta madhabahu yanaishia wapi, ili hema la mheshimiwa lisimamishwe hatua moja mbele ya hapo. Bahasha inapokewa na mtu aliyesimama na mguu mmoja nje. Jina la kikao: Kamati ya Utakatifu.

Liko jambo moja ambalo sitalicheka, na nikiliona kwenye mswada wenu nitalikata kwa kalamu nyekundu. Fukwe zetu mnazijua, na jaboya mnamjua, yule mvuvi anayemwuzia mama samaki kwa sharti la mwili wake. Nimeona michezo inayomleta mama huyo jukwaani kama kahaba wa kuchekwa, anatingisha kiuno, ukumbi unapasuka. Mama huyo ana watoto, na asubuhi ana beseni tupu. Kumcheka yeye ni kumcheka aliyekwisha kuanguka chini. Kama mnataka kejeli, iko mita mia moja kutoka ufukweni. Iko kwa sisi tunaokula ngege huyo huyo mchana wa Jumapili, tukisifu mchuzi, tukisikitika jinsi wanawake wa ziwani walivyopotoka. Mwandikeni mhubiri anayelitaja ziwa zima kwa dhambi na hataki kujua samaki wa sahani yake amefikaje. Hapo kicheko kina pa kutua.

Nabii Nathani ndiye mwalimu wetu katika hili. Daudi amemchukua mke wa Uria na kumwua mumewe. Nathani hamwendei na joho jekundu. Anamwendea na hadithi: tajiri mwenye makundi, maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyelala kifuani pake. Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu mwenyewe: huyo afe, na amlipe kondoo mara nne. Ndipo neno linashuka, "Wewe ndiwe mtu huyo." Tazameni hila ya mtunzi yule. Alimwacha mfalme ajiandikie hukumu kwa kinywa chake.

Na hiyo mara nne, ishikeni, kwa sababu inarudi kwa Zakayo. Naona mmeanza kutabasamu, na jina hilo sikulileta mimi, lilipigiwa kelele barabarani nchi nzima 2024, katika maandamano ya kupinga kodi, kumkejeli mkuu wa nchi. Zakayo shuka! Kejeli ya Wakenya ilikuwa na meno: mtoza ushuru, mti, ushuke. Lakini barabarani tulikomea kwenye mti. Katika Luka 19 Zakayo anashuka kweli, anamkaribisha Yesu kwake, halafu anasimama na kujihukumu hukumu ile ile ya Daudi: niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Kejeli ya siasa imemaliza kazi yake mtu akishashushwa. Hii yetu inabakiwa na ukurasa mmoja zaidi, ambao aliyechekwa anapewa nafasi ya kusimama na kutoa hesabu, na ukurasa huo ni mgumu kuuandika kuliko yote, maana wengi wetu hatutaki adui zetu watubu. Tungekosa cha kuigiza.

Watu huniuliza, mwalimu, Ibilisi ashinde au ashindwe mwishoni? Luka anasema alipomaliza kila jaribu alimwacha Yesu kwa muda. Kwa muda. Mimi napenda mchezo unaoishia hapo, mjaribu akifunga daftari lake na kuuliza kikao kijacho ni lini.

La kiutendaji, kabla saa haijanikemea. Mwonyesheni mchungaji mswada mapema, msimvizie jukwaani. Akisema haufai, mwulizeni kwa heshima ni ukurasa gani, kisha mrudi nyumbani mkaulinde ukurasa huo. Sasa maswali. Kijana wa kipaza sauti, mpelekee yule binti wa nyuma, ameinua mkono tangu nilipomtaja mweka hazina, na nadhani ni babake aliyeketi kando yake anayejaribu kuushusha.